Mkopo wa Kipimo: Hotuba ya Mwenyekiti



Hesabu za miaka 10 amekwisha kuzisoma mweka hazina. Sisi tuseme juu ya ule mkopo wa kipimo cha CT, maana wapo wanaonung'unika kwamba fedha za mfuko wa jamii zimelipia picha, si dawa.

Mwenzetu alipigwa ultrasaundi ya tumbo, likaonekana doa kwenye ini. Basi mtaa mzima ukasema kansa, hata watu wakaulizana watoto atamwachia nani. Daktari yeye hakusema kansa. Alisema doa halijajulikana, apigwe CT pamoja na sindano ya dawa ya mshipani. Tulimsindikiza, tukauliza mpaka tukaelewa.

Ini, akina mama, linapata damu kwa njia mbili: ateri, na ule mshipa mkubwa unaotoka kwenye matumbo, ambao huleta kama robo tatu ya damu yote. Dawa ikishaingia mwilini, mashine inapiga picha kwa zamu: sekunde kama 30 hivi, tena kama 70, na nyingine baada ya dakika chache. Kansa iliyoanzia kwenye ini mara nyingi hupokea dawa mapema kutoka kwenye ateri, inang'aa, halafu inaiacha upesi na kuonekana nyeusi kuliko ini lenyewe.

Doa la uongo mara nyingi ni mafuta tu yaliyokusanyika mahali pamoja, au mahali palipokosa mafuta kwenye ini lenye mafuta, hasa karibu na kifuko cha nyongo. Mishipa hupita humo kama kawaida. Uvimbe wa kweli mara nyingi huisukuma kando, kama jiwe kwenye mfereji wa maji. Lipo pia doa linalong'aa picha ya kwanza tu kwa sababu damu imepita kwa wingi upande ule. Picha zinazofuata halipo.

La mwenzetu lilikuwa mafuta. Sasa tungempa fedha za dawa, dawa ya nini?

Si kila doa la kweli ni kansa, na mengine CT haimalizi shauri, mgonjwa hupelekwa MRI au hutolewa kinyama kwa sindano. Hayo nayo yana gharama.

Kwa hiyo kamati inaomba mkutano wa leo upitishe mikopo ya vipimo kwa riba ile ile ya matibabu. Mwenzetu amebakiza marejesho mawili.