Hotuba ya Mwenyekiti: Pesa ya Mteja si Pesa ya Ofisi



 Miaka 10 si mchezo. Katibu ameshasoma risala na Mweka Hazina ameshasoma mahesabu, kwa hiyo mimi sitarudia habari za sanduku. Nimeomba kuzungumzia jambo moja tu, la binti yetu, mtoto wa mwenzetu, ambaye ni mhasibu katika kampuni ya madalali wa hisa huko Dar es Salaam. Nimewaomba ruhusa yeye na mama yake. Wamenikubalia, ila jina nisilitaje.

Kwanza niieleze kazi yenyewe, maana tumeisema sana bila kuijua. Sisi hapa tukisema hisa tuna maana ya ile ya kila wiki: unaweka, unagongewa muhuri kwenye kitabu chako, mwisho wa mwaka tunavunja sanduku na kugawana. Hisa za soko ni kitu kingine. Soko la Hisa la Dar es Salaam liliandikishwa mwaka 1996, likaanza kazi ya kununua na kuuza tarehe 15 Aprili 1998. Kampuni ya kwanza kuingia ilikuwa TOL, wale wa gesi ya oksijeni, na mwaka huohuo wakafuata TBL, watengenezaji wa bia. Mwaka 2008 Serikali ilipouza sehemu ya hisa zake za benki ya NMB, hisa moja ilikuwa shilingi 600. Mwaka 2009 wakaingia CRDB. Ukinunua hisa hizo unakuwa mmoja wa wenye kampuni, kwa kiasi chako. Bei inapanda na bei inashuka. Hakuna siku ya kuvunja sanduku. Ukitaka pesa yako ni mpaka apatikane mtu wa kununua. Tena huwezi kwenda na kikapu ukajinunulia mwenyewe. Unapita kwa dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Dalali huyu si yule wa Mwaloni anayekupigia bei ya dagaa huku akimkonyeza mnunuzi.

Kwa dalali huyo ndipo alipo binti yetu. Watu wanadhani anashinda anahesabu mabunda. Mimi nilimuuliza siku alipokuja likizo, akanieleza, na kwa darasa langu la saba nilimwelewa vizuri. Kampuni ina akaunti mbili za benki. Moja ni ya kampuni yenyewe: mishahara, kodi ya ofisi, umeme. Ya pili ni ya wateja, wale waliotuma pesa wanunuliwe hisa na wale ambao hisa zao zimeuzwa wakawa wanasubiri malipo. Hizi mbili hazichanganywi, ni sheria. Asubuhi binti yetu anachukua taarifa ya benki ya akaunti ya wateja, kila shilingi iliyoingia anaitafutia mwenyewe. Yupo anayetuma pesa bila kuandika namba yake ya hisa, yupo anayetumia jina la mumewe. Pesa hiyo inakaa pembeni mpaka mwenyewe ajulikane, hata kama ni elfu tano. Kisha anazitoa kamisheni, ya dalali mbali, ya soko mbali, ya Mamlaka mbali. Jioni anajumlisha salio la kila mteja kwenye daftari, nayo jumla lazima ilingane na iliyopo benki. Isipolingana, hakuna kwenda nyumbani. Usiku anasomea mitihani ya Bodi ya Wahasibu, ile inayofanyika mwezi wa tano na wa kumi na moja, na ada yake anaikata kwenye mshahara huohuo tunaoudhani ni mkubwa.

Sasa nisikilizeni. Ofisi aliyopo leo ni ya pili. Ile ya kwanza siitaji. Huko mwisho wa mwezi mmoja akaunti ya kampuni ilikuwa tupu na ile ya wateja imejaa. Mkubwa wake akamwambia aandike hati ya malipo, watu wapate mishahara, "tunaazima siku mbili tu." Binti akasema hawezi kuandika, pesa ile ina wenyewe na yeye anawajua kwa majina. Hakupiga kelele wala hakumtukana mtu. Hati haikuandikwa kwa mkono wake. Baada ya mwezi mmoja akaambiwa mkataba wake hautaendelea.

Akarudi hapa Mirongo. Mlimwona, miezi sita anakaanga maandazi na mama yake. Na mlisema. Wapo waliosema ameiba, kwamba mtu hawezi kutoka kwenye pesa akarudi na begi moja. Maneno hayo yalisemwa kisimani, yakasemwa sokoni, na mengine yalisemwa humuhumu kwenye kikao chetu huku mama yake amekaa palepale anahesabu marejesho. Yule mama hakukosa kikao hata kimoja. Leo nasema mbele ya Mgeni Rasmi: binti yule hakuiba. Alikosa kazi kwa sababu alikataa kuwasaidia wengine kuiba.

Mwaka jana tulipokubaliana kununua hisa za benki kwa shilingi milioni mbili za kikundi, mnakumbuka ugomvi uliotokea. Wengi mlitaka tumrushie binti kwenye simu yake, yupo hukohuko, ni mtoto wetu, tukwepe usumbufu wa benki. Mmoja wetu hakungoja hata kikao kiishe, akamtumia laki tatu zake binafsi. Zikarudi siku ileile na ujumbe: "Mama mkubwa, naomba isipite kwangu, ipelekwe akaunti ya wateja kwa jina la mwenye hisa." Hapo akaitwa mwenye kiburi, mama yake akaambiwa hakujua kulea.

Mimi nauliza, hili sanduku letu lina funguo ngapi? Tatu. Zinashikwa na watu wangapi? Watatu, na mwenye sanduku hana hata mmoja. Mbona hatuwaiti washika funguo wenye kiburi? Tulilolitunga wenyewe chini ya mwembe tunalielewa, mtoto akitufanyia lilelile kwa lugha ya ofisi tunaona ametudharau.

Mwishowe tulifuata alivyosema. Tukapeleka cheti cha usajili, katiba na muhtasari wa kikao, tukafunguliwa akaunti ya hisa kwa jina la kikundi, pesa tukaiingiza benki wenyewe mimi na Mweka Hazina. Ilituchukua wiki mbili na nauli za kwenda mjini. Stakabadhi ipo, nimeibandika ukutani hapo mlangoni, kila mwanachama aisome.

Bei ya hisa zetu imeshuka kidogo tangu tununue. Hilo nalo nalisema wazi, nisije kuulizwa kesho. Hazikupotea, idadi ni ileile, na kama benki itatangaza gawio litaingia kwenye akaunti ya kikundi.

Binti yuko hapa leo, amekuja kwa nauli yake. Baada ya chakula atakaa kwenye ile meza ya pembeni na daftari letu. Mwenye swali amwendee. Yule wa laki tatu naomba awe wa kwanza, na aanze kwa kumsalimia mama yake.