Nchi Jirani: Kufuli Halifundishi Nidhamu



Katika kampeni za uchaguzi mkuu wa Kenya wa mwaka 2013, muungano wa Jubilee uliahidi kwamba kila mtoto aingiaye darasa la kwanza katika shule ya serikali atapewa kompyuta. Ahadi hiyo ilicheleweshwa na mabishano ya zabuni yaliyofika mpaka mahakamani. Utekelezaji wake ulianza mwaka 2016, na kompyuta zilizokusudiwa zikageuka kuwa vishikwambi. Tangu hapo vifaa zaidi ya milioni moja vimegawiwa katika shule za msingi za nchi hiyo.

Rwanda ilikwisha kutangulia. Kuanzia mwaka 2008 serikali yake iligawa kompyuta ndogo za rangi ya kijani na nyeupe, chini ya mpango wa kimataifa wa kumpa kila mtoto kompyuta yake, na idadi yake ikapita 200,000. Hapa kwetu Tanzania, vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi hiyo kumalizika. Kwa hiyo jambo linalozungumzwa leo ni la jirani, lakini mlango wa jirani huyo unatazamana na wetu.

Serikali inayompa mtoto mashine ya namna hii mara nyingi humpa pamoja na kufuli. Mashine ni ya masomo. Basi wakubwa huizuia isifungue tovuti za michezo, za picha chafu, wala za porojo. Huko Marekani jambo hili limekuwa sheria tangu mwaka 2000: shule inayopokea msaada wa serikali kuu kwa ajili ya intaneti sharti iweke kichujio cha kuwakinga watoto na picha chafu.

Kichujio hicho si jambo la ajabu. Kwa sehemu kubwa ni orodha. Mtoto anapoandika anwani ya tovuti, programu hutazama kama anwani hiyo imo katika orodha ya yaliyokatazwa. Ikiwamo, mlango hufungwa. Isipokuwamo, mlango hufunguliwa. Askari yeyote aliyewahi kusimama getini ataona mara moja udhaifu wa ulinzi huo. Mlinzi aliyepewa majina ya wahalifu kumi atamzuia kila mmoja wa hao kumi, lakini wa kumi na moja atapita huku akipigiwa saluti. Ndivyo wafanyavyo watengenezaji wa michezo. Mchezo uliozuiwa asubuhi huonekana jioni kwa anwani nyingine, pengine umejificha ndani ya ukurasa wenye kichwa cha habari cha hesabu. Na mtoto mmoja akigundua njia, darasa zima hulijua jambo hilo kabla ya kengele ya mapumziko.

Mfano mashuhuri ulitokea Los Angeles, Marekani, mwezi Septemba mwaka 2013. Wakuu wa shule za mji huo waliwagawia wanafunzi vishikwambi vilivyofungwa barabara. Katika majuma machache tu wanafunzi wapatao 300 walikwisha kuvifungua, wakawa wanajiburudisha kwa mambo yaliyopigwa marufuku. Hawakuhitaji utaalamu mkubwa: walifuta tu maelezo ya utambulisho ambayo shule iliyaweka ndani ya kifaa, na kufuli likaanguka. Wakuu hao walilazimika kusimamisha ruhusa ya kupeleka vifaa nyumbani.

Hata kukata mtandao kabisa si dawa. Tangu mwaka 2014 programu ya Chrome, itumiwayo na mamilioni ya watu kufungulia tovuti, imekuwa na mchezo mdogo wa mnyama wa kale arukaye miiba ya jangwani. Mchezo huo hutokea pale mtandao unapokatika. Watengenezaji wake walilazimika kuweka njia ya kuuzima, kwa sababu wanafunzi waliokatiwa mtandao ili wasome walikaa wakimrusha mnyama huyo.

Hapana budi kusema haki. Mchezo wenyewe si adui. Kompyuta zile za mpango wa Rwanda ziliundwa zikiwa na michezo ya kufundishia, na ziliweza kuunganishwa moja kwa nyingine bila intaneti, watoto wakacheza na kujifunza pamoja. Wala mtoto avunjaye kichujio si mjinga. Mara nyingi ndiye mwenye akili ya udadisi kuliko wenzake, na taifa lenye busara litamhitaji kesho katika karakana zake, katika mitambo yake ya mawasiliano, na katika vikosi vyake vya kupambana na uhalifu wa mitandaoni.

Hapa ndipo jambo hili linapowagusa askari polisi. Tanzania ilitunga sheria ya makosa ya mtandao mwaka 2015. Kenya na Rwanda zilipata sheria zao mwaka 2018. Sheria hizo ni silaha dhidi ya wezi, matapeli na wavamizi wa mitambo ya umma. Lakini silaha ya kuwindia nyati haitumiki kufukuzia kuku. Mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyekwepa kichujio cha shule ili acheze mpira wa kompyuta anahitaji mwalimu na mzazi. Askari anayeletewa mtoto wa namna hiyo kituoni ana nafasi ya kuokoa kipaji au ya kuzalisha mhalifu, na tofauti ya mambo hayo mawili inaweza kuwa maneno ya nusu saa.

Kwa upande wa majeshi suala ni zito zaidi. Mtoto aliyepewa kishikwambi katika darasa la kwanza mwaka 2016 anafikia sasa umri wa kuvaa magwanda, au amekaribia mno. Je, atakuja kambini na tabia gani? Ikiwa kwa miaka yote hiyo kufuli lilikuwa kwake fumbo la kufumbua, na hakuna aliyemweleza kwa nini liliwekwa, basi amri ya kuacha simu nje ya chumba cha ramani ataiona kuwa ni kufuli jingine tu.

Dunia imekwisha kuona matokeo yake. Mwaka 2021 washabiki wa War Thunder, mchezo wa kompyuta wa vifaru na ndege za kivita, walikuwa wakibishana juu ya kifaru cha Kiingereza cha Challenger 2. Mmoja wao akaweka hadharani kurasa za kitabu cha maelezo ya kifaru hicho ili ashinde ubishi. Hakulipwa na jasusi yeyote. Mwezi Aprili mwaka 2023 alikamatwa Marekani kijana wa miaka 21, Jack Teixeira, mwanajeshi wa akiba wa kikosi cha anga. Yeye alikuwa akiwapelekea marafiki zake wa mtandaoni nyaraka za siri kubwa, kupitia Discord, mtandao ulioanzia kwa wacheza michezo ya kompyuta. Mwezi Novemba mwaka 2024 alihukumiwa kifungo cha miaka 15.

Jambo la kuzingatia katika kisa cha Teixeira ni hili. Yeye hakuvunja mlango. Ufunguo alipewa na jeshi lenyewe, baada ya kuchunguzwa na kula kiapo. Kufuli lilikuwa zima. Kilichokosekana ni mtu kuamini moyoni mwake kwamba siri ya kikosi ni uhai wa wenzake. Tamaa ya kuonekana mkubwa mbele ya rafiki wa michezo iliuzidi uzito wa kiapo.

Majeshi ya Afrika Mashariki hufanya mazoezi ya pamoja yaitwayo Ushirikiano Imara. Katika mazoezi hayo askari wa Tanzania wamewahi kulala kambi moja na askari wa Kenya, Rwanda, Uganda na Burundi. Uzembe wa kijana mmoja mwenye simu, awe wa nchi yoyote, utaangukia vichwa vya wote. Kwa hiyo malezi ya mtoto wa Nakuru au wa Huye si habari ya kupita tu kwa mlinzi wa Tabora.

Hii haina maana kwamba makufuli yaondolewe. Nyumba isiyo na mlango haina mwenyewe. Maana yake ni kwamba kufuli liende pamoja na maneno. Mwalimu anayezuia mchezo darasani amweleze mtoto sababu, na ampe pia saa ya kucheza iliyo wazi, ili asiitafute kwa siri. Mkufunzi wa kuruta anayepiga marufuku simu aeleze picha moja tu inaweza kumwonyesha adui nini. Mkuu wa kituo anayelinda neno la siri la kompyuta ya ofisi ahakikishe kila askari wake anajua ni majina ya mashahidi gani yanayolindwa na neno hilo.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kenya na Rwanda zimetangulia kuwapa watoto wao mashine, nasi tunafuata. Mashine na kichujio hununuliwa kwa fedha. Kijana atakayelinda kilicho nyuma ya kufuli wakati hakuna anayemtazama hana duka analouzwa. Hulelewa nyumbani, shuleni na kambini.