Kuanzia Saa Tisa na Nusu Watoto Wawe Uwanjani

(Hotuba kwa wazazi, walimu wa chekechea na wanachama wa bodi za shule, Embu)

Afisa wa habari kwa kawaida huitwa kupiga picha, wala si kushika maikrofoni, kwa hivyo sitawachosha.

Naanza na sheria, maana wengi wetu hatujawahi kuisoma. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema masomo ya darasani katika shule ya kutwa ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Kutoka hapo hadi saa kumi na dakika 45 ni wakati wa shughuli za nje ya darasa: michezo, skauti, muziki, drama. Hizo ni dakika 75 kila siku. Mwalimu mkuu hawapi watoto dakika hizo kama zawadi, na mzazi hana ruhusa ya kuziuza kwa tuisheni.

Sasa jiulizeni, saa hiyo watoto wa shule yenu huwa wapi? Mahali pengi nilikopita, wako darasani wakirudia hesabu, au wameshika fagio.

Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za kusogeza mwili hadi moyo upige kwa kasi. Kwa wiki ni dakika 420. Kipindi kimoja katika gredi za juu za msingi ni dakika 35. Hata shule ikitenga vipindi vitano vya uwanjani kwa wiki, na kisimezwe hata kimoja, hizo ni dakika 175 tu. Toa muda wa kupanga foleni na kutafuta mpira. Ndiyo maana hizo dakika 75 za jioni, na mapumziko ya saa nne, si za kuchezewa.

Najua mzazi fulani anasema moyoni: watoto wetu wanachota maji, wanakata nyasi za ng'ombe, wanachuma majani chai, mazoezi gani tena? Swali hilo lina uzito. Kutembea kilomita tatu kwenda shule ni mazoezi mazuri kabisa. Lakini siku hizi wengi hubebwa na boda boda, watatu nyuma ya dereva. Tena kubeba mtungi hakumfundishi mtoto kudaka, kuruka, kukwepa, kukubali kushindwa na kupatana na wenzake kuhusu kanuni za mchezo. Mchezo wa kati hufundisha hayo yote, na haugharimu hata shilingi.

Mwingine anahofia alama. Mwaka 2008 watafiti François Trudeau na Roy Shephard walipitia tafiti nyingi wakaona kwamba shule zilizoongeza mazoezi hadi saa moja kwa siku, kwa kupunguza muda wa masomo mengine, hazikushusha matokeo ya wanafunzi. Sisi tulizoea kuona mazoezi ya mwili kama somo la bure kwa sababu hayakutahiniwa kwenye KCPE. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini mazoea yamebaki. Na tangu mwaka 2024 katika gredi za chini, sanaa, muziki na mazoezi ya mwili vimeunganishwa kuwa somo moja. Binafsi naona hatari hapo: mwalimu anaweza kuimba na kuchoresha muhula mzima bila watoto kutoka nje, na ratiba isionyeshe kasoro yoyote. Mzazi, usiangalie ratiba peke yake. Muulize mtoto.

Kwa chekechea, Jedwali la Nne la Katiba limeikabidhi kaunti jukumu, kwa hivyo hapa hatuwezi kuelekeza kidole Nairobi. Mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji dakika 180 za kujisogeza kwa siku, na angalau 60 kati ya hizo awe anakimbia na kuruka hasa. Kumkalisha wa PP1 kwenye kiti asubuhi nzima aandike herufi ni kumwonea. Sitaahidi bembea leo, mimi si waziri wa fedha. Ila tairi kuukuu, kamba na mpira wa matambara vinapatikana. (Mpira wa juala tulioucheza sisi ulikosa malighafi mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2017!) Shule moja ya msingi huko Stirling, Scotland, ilianza mwaka 2012 kuwatoa watoto wakimbie au watembee dakika 15 kila siku wakiwa na sare zao zilezile. Nchi nyingi zimeiga. Huku Mbeere fanyeni hivyo asubuhi kabla ya jua kali, maji yawepo. Majirani zetu wa Timau, kule Meru, wasubiri baridi ipungue.

Kuna wasichana. Takwimu za dunia za mwaka 2016 zilionyesha kwamba asilimia 85 ya wasichana wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango cha mazoezi, wavulana 78. Msichana aruhusiwe kuvaa kaptura ndani ya sketi. Sodo za serikali, ambazo sheria ya mwaka 2017 inamhakikishia, zimfikie mkononi, zisikae stoo huku yeye ameketi kando ya uwanja.

Mwisho ni uwanja wenyewe. Mnakumbuka Januari 2015, watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata walirushiwa vitoa machozi wakitetea uwanja wao ulionyakuliwa. Miji yetu inapanuka pia. Tangu sekondari msingi ihamie kwenye shule za msingi mwaka 2023, kila darasa jipya linatafuta pa kusimama. Wanabodi, kabla ya fundi kuchimba msingi, hakikisheni mipaka imepimwa na hatimiliki ni ya shule. Jengeni pembeni. Ukisikia mtu anapima kiwanja cha shule usiku, ripoti kwa afisa wa ardhi wa kaunti na kwa chifu siku hiyohiyo, usingoje mkutano wa wazazi.

Nimemaliza. Maswali? Tuanze na mwalimu aliyeinua mkono pale nyuma.