Damu Yetu, Sayansi ya Nani? Safari ya Profesa Muyembe na Nafasi ya Watu wa Beni na Butembo



Nimeombwa kuzungumzia safari ya kazi ya Profesa Jean-Jacques Muyembe-Tamfum, mtaalamu wa virusi na mkurugenzi wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba na Biolojia, INRB, tangu 1998. Nitaipitia safari hiyo kwa swali moja tu: katika kila hatua, ni nani alihesabiwa kuwa mwanasayansi, na ni nani aliyeachwa kuwa mtoaji wa damu? Kwetu sisi wa Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, hili si swali la vitabuni.

Muyembe alizaliwa 1942 katika iliyokuwa Bandundu. Alisomea udaktari Lovanium, Kinshasa, kisha akapata shahada ya uzamivu Leuven, Ubelgiji, mwaka 1973. Septemba 1976 alitumwa Yambuku, ambako watu walikuwa wakifa kwa homa isiyojulikana. Aliwatoa wagonjwa damu bila glavu. Kila alipochomoa sindano, damu haikukoma; iliendelea kutiririka na kumchafua vidole, naye akanawa kwa maji na sabuni. Baadaye alimshawishi mtawa mmoja wa Kibelgiji aliyekuwa na homa asafiri naye hadi Kinshasa. Damu ya mtawa huyo ilipelekwa Antwerp, na kutoka kwenye sampuli hizo wataalamu wa Ulaya na Marekani wakatambua kirusi kipya, Ebola. Mlipuko huo uliua watu 280 kati ya wagonjwa 318. Kwa miaka mingi, wagunduzi wa Ebola walipotajwa, jina la Mkongomani huyu liliwekwa pembeni au halikutajwa kabisa. Nawaomba wanafunzi walishike hilo, maana maamuzi yake mengi ya baadaye yanaeleweka vizuri zaidi ukianzia hapo.

Mwaka 1995 Ebola ilipoingia Kikwit, Muyembe na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliokwisha kupona. Walipona 7. Wataalamu wengi wa nje hawakuridhika: wagonjwa ni wachache, hakuna kundi la kulinganisha, huenda wangepona hata bila damu hiyo. Kisayansi hoja yao ilikuwa na uzito, nami naifundisha darasani. Kilichoniuma ni kwamba wazo lenyewe liliwekwa kando badala ya kupimwa upya kwa njia bora. Ilipita zaidi ya miaka 10 kabla ya chembe za damu ya mtu aliyepona Kikwit kuchunguzwa Marekani, na humo ikapatikana kingamwili iliyokuja kuitwa mAb114.

Dawa iliyotokana na kingamwili hiyo ilipimwa hapa kwetu. Mlipuko wa kumi wa Ebola nchini ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina, na kufikia tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umewapata watu 3,470 na kuua 2,287. Katikati ya vita na mauaji, tarehe 20 Novemba 2018 lilianza jaribio lililopewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, katika vituo vya matibabu, yaani CTE, vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Dawa zilikuwa nne, na kila mgonjwa alipangiwa moja kwa kura, ili pasiwe na wa kuchagua nani apate ipi. Waliandikishwa watu 681. Agosti 2019 kamati ya uangalizi ilisimamisha dawa mbili kwa sababu tofauti ilikuwa wazi. Kati ya waliopewa mAb114 walikufa asilimia 35. Kati ya waliopewa REGN-EB3, asilimia 34 hivi. Kati ya waliopewa ZMapp au remdesivir, karibu nusu au zaidi. Matokeo yalipochapishwa mwishoni mwa mwaka huo, mwandishi wa kwanza alikuwa Sabue Mulangu, mtafiti wa INRB. Lilinganisheni jambo hilo na Yambuku.

Jaribio hilo lina mambo mawili yanayozungumzwa kwa nadra. La kwanza, wajawazito hawakuachwa nje, wala watoto. Hata mtoto mchanga wa siku chache, ikiwa mama yake alithibitishwa kuwa na Ebola, aliweza kuandikishwa. Kwenye chanjo mambo yalikwenda vingine. Tangu Agosti 2018 mama mjamzito na mama anayenyonyesha hawakuchanjwa, kwa hofu ya madhara yasiyojulikana, na mlango huo ulifunguliwa Juni 2019 tu. Kwa miezi hiyo yote zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanawake. Ni wao wanaouguza nyumbani, na ni wao wanaojaa kwenye vituo vya afya. Aliyebeba hatari kubwa alikatazwa kinga kwa jina la kulindwa. Mimi nasema lilikuwa kosa, na lilitokana na kutowauliza akina mama wenyewe kama wako tayari.

La pili ni kuwahi. Waliofika CTE ndani ya siku moja baada ya dalili kuanza walikufa asilimia 19. Waliokuja baada ya siku 5 walikufa asilimia 47. Kwa hiyo imani ya mtu kwa watoa huduma ilikuwa na nguvu sawa na dawa yenyewe. Na imani hiyo hapa ilikuwa imevunjika. Riposte, yaani kampeni ya kupambana na Ebola, ilikuja na magari, fedha, na wageni wengi wasiojua Kinande, lugha ya wenyeji. Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo hadi Machi 2019, Ebola ikitajwa kuwa sababu mojawapo, na wengi wakaamini ugonjwa ni siasa. Februari 2019 CTE za Katwa na Butembo zilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili Dokta Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuwa katika Riposte, aliuawa katika Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben. Wakati Muyembe anakabidhiwa uongozi wa Riposte Julai 2019, akiwa na miaka 77, shida haikuwa ya maabara tena.

Kilichosaidia kilionekana kwa macho. Beni palitumika CUBE, chumba chenye kuta za plastiki angavu na glavu zilizoshonwa ukutani: muuguzi anamhudumia mgonjwa bila mavazi mazito, na mke anasimama nje akimwona mume wake, anazungumza naye. Waliopona, tunaowaita washindi, waliajiriwa kulea watoto wa waliolazwa. Kwa kuwa walikuwa na kinga, waliweza kumbeba mtoto mgongoni na kumlisha bila hofu. Hao nao ni watenda kazi wa sayansi, ingawa majina yao hayamo kwenye makala yoyote.

Upande wa pili lazima usemwe. Ripoti ya tume huru ya Septemba 2021 ilieleza jinsi wanawake walivyodaiwa ngono na watu wa Riposte wakati wa mlipuko huu ili wapate ajira, na ikataja watuhumiwa 83, 21 kati yao wakiwa waajiriwa wa Shirika la Afya Duniani. Msichana wa Butembo mwenye diploma ya maabara aliyekumbana na hilo hawezi kuambiwa kwamba milango ya sayansi iko wazi kwake.

Mwaka 2019 Muyembe alitangaza kwamba sampuli za damu zitabaki Kongo: anayetaka kuzitafiti aje INRB, Kinshasa, ambako jengo jipya lililojengwa kwa msaada wa Japani lilizinduliwa Februari 2020. Naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote, ila naongeza jambo. Kwa mtu wa Butembo, Kinshasa nayo ni mbali. Ikiwa damu ya Katwa itahifadhiwa Kinshasa, na wanaoisoma ni wa Kinshasa, tumesogea hatua moja tu.

Tena kazi haijaisha. Februari 2021 Ebola ilirudi eneo la Butembo, Oktoba mwaka huo ikarudi Beni, na Agosti 2022 tena Beni. Katika kisa hicho cha 2022, uchunguzi wa vinasaba uliofanywa na INRB, Goma na Kinshasa, ulionyesha uhusiano na kirusi cha mlipuko mkubwa wa 2018 hadi 2020. Kirusi kinaweza kujificha muda mrefu mwilini mwa aliyepona. Kutangaza jambo hilo redioni bila maandalizi ni kumtenga mshindi na jirani zake, pengine na mwenzi wake wa ndoa. Kwa hiyo napendekeza kwa semina hii kwamba utafiti wowote kuhusu waliopona, katika vyuo vyetu vya Butembo na Beni, uanze kwa kuwapa washindi, wanaume na wanawake, viti vyenye kura katika kamati ya maadili, na kwamba wao ndio wa kwanza kuelezwa matokeo, kwa Kiswahili na Kinande, kabla ya kupelekwa jaridani.