Pampu ya Kwale na Masomo ya Uhandisi

(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, Diani)

 

Wenzangu, nimeombwa niseme juu ya ujuzi wa wenyeji na masomo ya vyuo vikuu. Mtaona ni jambo la mbali. Lakini tazameni ile pampu ya mkono iitwayo Afridev. Leo inatumika katika nchi nyingi za Afrika na Asia, na majaribio yake mengi yalifanywa hapa hapa Kwale katika miaka ya 1980.

Zamani pampu ikiharibika ilibidi mabomba mazito ya chuma yang'olewe, na fundi atoke mbali na gari. Gari lisipokuja, akina mama warudi kisima cha wazi. Ndipo wahandisi, pamoja na shirika la KWAHO, wakakaa na wenye kuteka maji. Ikapatikana pampu ambayo pistoni na vali yake hutolewa bila kung'oa mabomba, kwa spana moja tu. Akina mama wakafunzwa kuitengeneza wenyewe. (Eti mwanamke na spana wapi na wapi!)

Sasa, mwanafunzi wa uhandisi akisomeshwa pampu hiyo, asiishie kwenye vipimo vya bomba. Aambiwe pia ni nani waliokuwa wakingoja gari.

Sisemi kila letu ni sahihi. Maji matamu, meupe, yaweza kuwa na kipindupindu, na hilo twahitaji maabara. Lakini chupa moja ya maji iliyochukuliwa mwezi wa Mei, mvua zikinyesha, haitamwambia mtu kisima kipi karibu na pwani huingia chumvi Februari. Mama aliyeteka hapo miaka ishirini anajua. Huo nao ni upimaji, ila haujaandikwa.

Kwa hiyo kila kikundi kiwe na daftari la kisima. Andikeni tarehe pampu ilipoharibika, kifaa gani kilikufa, nani alitengeneza, na ladha ya maji kila mwezi. Mwanafunzi akija, mpeni kiti, mwonyesheni daftari. Kisha mwambieni arudi na mwalimu wake atusomee alichoandika, kwa Kiswahili, tumsahihishe. Wengi wamekuja, wamejaza karatasi zao, wakaenda zao; hatukuwaona tena.

Makatibu, daftari lianze wiki hii, kabla kiangazi hakijaingia.