Waranti Haizeeki

Wenyeji wa Magongo na wa Changamwe yote, wanaume kwa wanawake: liko jambo ambalo huwapata watu wema na wabaya sawasawa, nalo ni waranti ya korti. Mtu hushtakiwa kwa kosa dogo, akapewa dhamana, akaambiwa arudi siku fulani. Siku ile ikapita naye hakufika. Jina lake likaitwa na hapana aliyeitikia. Hapo hakimu hutia sahihi amri ya kumkamata. Mwenyewe huenda hana habari. Anaendelea na kazi yake, na huku jina lake limo mikononi mwa polisi.

Watu wa upande huu wa Makupa hupatwa na jambo hili upesi kwa sababu ya kazi zao. Na afikiriwe dereva wa lori, mkaaji wa Magongo, aliyeshtakiwa kwa kuendesha gari bila uangalifu. Kesi yake imewekwa Jumatano. Jumatatu usiku anapakiwa kontena bandarini, na tajiri wake anamwambia mzigo unangojewa Kampala. Akikataa safari, kazi itakwenda kwa mwingine. Akikubali, siku ya korti itampita. Wengi huenda, wakijiambia kwamba hakimu ataahirisha tu. Walakini korti haiwezi kumhurumia mtu isiyejua aliko wala sababu ya kukosekana kwake. Lau dereva yule angalimtuma wakili, au hata mdhamini wake, aieleze korti mapema na kuonyesha barua ya tajiri, pengine mambo yangalikuwa mengine.

Sasa amerudi, na utingo wake anamwambia kwamba askari walikuja kumwulizia. Hapa ndipo wengi huharibikiwa kabisa. Dereva huhama, akaenda kukaa kwa jamaa Mikindani au Kwale, akitumaini kwamba mambo yatapoa. Hayapoi. Sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za jinai, iliyo Sura ya 75, yasema wazi kwamba waranti hudumu mpaka itekelezwe, au mpaka ifutwe na korti iliyoitoa. Haikutajwa miaka. Tena yaweza kutekelezwa mahali popote nchini Kenya, ikawa mtu aliyehama Magongo huweza kukamatwa Malaba akiwa na mzigo wa watu garini.

Wako pia wale wanaojifanya wasaidizi. Huja jioni, wakasema kwa sauti ndogo: "Toa kitu kidogo, karatasi yako itapotea." Huo ni uongo mtupu. Polisi hana uwezo wa kufuta waranti, wala karani, wala wakili, wala chifu. Hata karatasi ikipotea, jalada la kesi liko, na maandishi ya hakimu yamo ndani yake. Aliyetoa fedha atakuwa amepoteza fedha na waranti yake ipo vilevile. Zaidi ya hayo, kwa Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, mtoaji na mpokeaji wote wawili wana kosa.

Basi mtu huyu afanyeje? Kwanza atafute karatasi zake: hati ya mashtaka, au risiti ya fedha za dhamana. Humo atakuta nambari ya kesi na jina la korti. Jina hilo lisomwe vizuri, kwa maana korti ya Mombasa kisiwani si ile ya Shanzu, wala si ile ya Kwale, na mwenye kwenda pasipo pake hupoteza siku nzima. Ikiwa karatasi zimepotea, atafika masjala ya kesi za jinai na kutaja jina lake kamili, kituo cha polisi alichokamatiwa, na tarehe aliposomewa mashtaka mara ya kwanza. Akiogopa kwenda mwenyewe, aweza kumtuma ndugu au wakili kuuliza kwanza.

Hofu hiyo si ya upuuzi. Mtu mwenye waranti akijitokeza kortini huenda akashikwa palepale, akakaa mahabusu saa kadha mpaka jalada lifike mezani kwa hakimu. Kwa sababu hii yafaa afike asubuhi mapema kabla korti haijaanza, apate kusikilizwa siku ileile. Saa chache hizo ni bora kuliko kukamatwa mbali na kwao, jioni ya Ijumaa.

Akisimama mbele ya hakimu ataulizwa kwa nini hakufika. Wala asidhani kwamba lazima ajue Kiingereza. Lugha ya korti za mahakimu ni Kiingereza au Kiswahili, na asiyefahamu lugha inayotumiwa ana haki ya kupewa mkalimani bila malipo. Aseme kweli, na aonyeshe ushahidi wake: karatasi za hospitali ikiwa aliugua, kibali cha mazishi ikiwa alifiwa, hati za safari ikiwa alikuwa njiani. Mwendesha mashtaka naye atasikilizwa, na aweza kupinga. Kisha hakimu huamua. Aweza kuifuta waranti na kuiacha dhamana kama ilivyokuwa, au kuiongeza, au kuiondoa kabisa, na hapo mshtakiwa atangoja kesi yake rumande Shimo la Tewa. Hakuna awezaye kuahidi lipi litakuwa, lakini mtu aliyekuja kwa miguu yake ana neno la kusema ambalo aliyeletwa kwa pingu hana.

Yuko mwingine ambaye mara nyingi husahauliwa, naye ni mdhamini. Huyu ni shemeji, au jirani, au mzee wa msikiti, aliyetoa hati ya kiwanja au kitabu cha gari ili mwenzake alale nyumbani. Mshtakiwa akitoroka, korti humwita mdhamini alipe kiasi kilichoandikwa au aonyeshe sababu ya kutolipa. Asipofanya hivyo, mali yake yaweza kushikwa na kuuzwa, na ikiwa haitoshi aweza kufungwa jela ya madai hata miezi 6. Ni aibu kubwa mzee wa watu kunyang'anywa mali yake kwa ajili ya kijana aliyejificha Mikindani, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Shahidi naye asijione salama: aliyepewa samansi akakataa kufika bila sababu, yeye pia huweza kutolewa waranti.

Na kama mtu amekwisha kukamatwa, asishindane na askari. Ana haki ya kuambiwa waranti yasema nini, na akitaka aonyeshwe. Kwa Katiba ya mwaka 2010 lazima afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa zimeishia wakati korti imefungwa. Hapo atafikishwa siku ya kazi inayofuata.

Wazee wachache wangali wanakumbuka siku za Liwali na Mudir, kabla ya sheria ya mwaka 1967 kuziunganisha korti zote za chini. Hakimu wa siku zile alijulikana mtaani, na mtu aliyekosa siku yake alitumiwa mjumbe. Sasa kesi ni nyingi na hakimu hamjui mtu ila kwa jalada lake.

Kwa hiyo waranti ikifutwa, mtu asitoke kortini mikono mitupu. Aombe nakala ya amri ya kuifuta, aipeleke kituo cha polisi kilichopewa waranti ile, iwe Changamwe au kwingineko, ahakikishe imeandikwa. Maana habari za kortini hukawia njiani, na askari wa zamu huenda bado anayo karatasi ya zamani. Nakala nyingine akae nayo mfukoni, pamoja na tarehe mpya ya kesi, na tajiri wake aambiwe tarehe hiyo siku ileile.