Kisiwa Chetu na Chama Chetu: Watu, Uchumi na Huduma za Mafia

(Hotuba ya Katibu katika Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu)



Bodi imetupa kazi ya kueleza hali ya Kisiwa chetu: watu wake, uchumi wake na huduma zake. Huenda wengine watauliza, hayo yanahusu nini Chama cha wakulima? Jibu letu ni kwamba mwenye duka hawezi kujua kama anaendelea au anarudi nyuma mpaka ahesabu mali iliyomo dukani. Leo mchana mtaombwa kukata shauri kubwa juu ya ziada ya Chama. Yafaa tulikate hali tukijua tumesimama wapi.

Tuanze na watu. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 40,801 katika Wilaya ya Mafia. Sensa ya mwaka 2012 ikahesabu 46,438, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 66,180. Zitazameni hesabu hizo kwa makini. Katika miaka kumi ya kwanza tuliongezeka watu 5,637. Katika miaka kumi iliyofuata tuliongezeka watu 19,742, yaani zaidi ya mara tatu ya ongezeko la kwanza. Kwa maneno mepesi, palipokuwa na watu 7 wa kula mwaka 2012, mwaka 2022 palikuwa na 10. Ardhi haikuongezeka. Kisiwa kikubwa kina urefu wa kilomita 50 hivi toka Ras Mkumbi hadi Ras Kisimani, na ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 400. Kisha viko Chole, Juani, Jibondo, Bwejuu na visiwa vingine vidogo. Basi haitupasi kuota ndoto ya mashamba mapya yasiyo na mwisho. Faida yetu itatoka katika mti ule ule na shamba lile lile, ama haitatoka kabisa.

Sasa tutazame uchumi. Mnazi ndio nguzo ya zamani. Tangu karne ya 19, wakati utawala wa Mafia ulipokuwa Chole chini ya Sultani wa Zanzibar, minazi ilipandwa hapa kwa wingi, na kwa huzuni twakumbuka kwamba mingi ilipandwa kwa jasho la watumwa. Mwaka 1890 Ujerumani ilimlipa Sultani marki milioni nne kwa ajili ya mwambao wote, na Mafia ikamo. Mwaka 1913 Wajerumani wakahamishia makao ya utawala Kilindoni, kwani meli zingeweza kutia nanga karibu. Tawala zimebadilika, lakini nazi na mbata zimeendelea kupakiwa vyomboni kwenda Dar es Salaam. Mnazi ndio uliotulipia nguo, mahari, karo na sanda.

Lakini mnazi nao huzeeka kama mwanadamu. Mnazi mrefu wa asili huanza kuzaa baada ya miaka sita au saba, kisha hutulisha kwa miaka sitini na zaidi. Minazi mingi tunayokwea leo ilipandwa na babu zetu. Tumeirithi, tumeila, na wengi wetu hatujapanda badala yake. Vitamli huzaa mapema zaidi, lakini havistahimili ukame kama minazi mirefu. Tena wako adui: chonga atoboaye kilele, na mdudu afyonzaye vidaka hata vikapukutika vingali vichanga. Hapa tungependa kuwakumbusha wakulima vijana jambo ambalo wazee walilijua kabla wataalamu hawajaliandika: wale siafu wekundu wa mitini tuwaitao maji moto ni walinzi wa mnazi na mkorosho. Wao huwinda wadudu wanaoharibu vidaka na machipukizi. Mkulima anayewachoma moto kwa sababu wanamuuma mkwezi awafukuza askari na kuwaachia wezi mlango wazi.

Korosho ni zao la pili. Nayo yahitaji kupogolewa, kupaliliwa, na kupulizwa salfa kwa wakati ili kuzuia ubwiriunga. Baada ya mashamba huja bahari. Samaki, pweza na mwani hulisha nyumba nyingi, hasa Jibondo, ambako maji matamu ni haba na kilimo ni kidogo. Mwaka 1995 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya namna yake Tanzania, yenye eneo la kilomita za mraba 822. Si kila mvuvi aliifurahia, kwani kanuni zake zilizuia nyavu na mahali alipozoea. Hata hivyo kila mtu ajua kuwa baruti huua samaki wa leo pamoja na tumbawe ambalo lingezaa samaki wa kesho. Kwa sababu ya bahari hiyo hiyo wageni huja kutoka mbali kumtazama papa potwe mbele ya Kilindoni, hasa kati ya Oktoba na Machi. Wageni hao hula samaki, matunda na mboga. Tujiulize ni kiasi gani cha chakula hicho kinatoka katika mashamba yetu, na ni kiasi gani kinavuka bahari kuja kwetu.

Katika huduma za watu wote, shida yetu ya kwanza imekuwa njia. Hatutengwi na bara na mlima wala mto, bali na bahari, na bahari haina huruma kwa aliyejaza chombo kupita kiasi. Tumeona maendeleo. Kwa fedha za Marekani za mpango wa Changamoto ya Milenia, uliodumu toka mwaka 2008 hadi 2013, uwanja wa ndege wa Kilindoni ulitiwa lami. Barabara ya Kilindoni hadi Utende nayo ilipata lami. Katika miaka ya 2020 kivuko cha MV Kilindoni kilianza kazi kati yetu na Nyamisati, Wilaya ya Kibiti, na abiria wakapata njia iliyo salama kuliko mashua za mbao. Lakini Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitukumbusha kuwa sisi ndio wa kwanza kupokea upepo utokao baharini. Kila gunia la mbolea hulipa nauli likija, na kila gunia la korosho hulipa nauli likienda.

Katika afya, Mafia ina historia ya kujivunia. Ugonjwa wa matende na mabusha uliwatesa wazee wetu muda mrefu, hata wengine wakadhani ni majaliwa ya watu wa mwambao. Mwaka 2000 mpango wa Taifa wa kutokomeza ugonjwa huo, kwa kuwapa watu wote dawa kila mwaka, ulianza hapa Mafia kabla ya kuenea kwingine nchini. Twajifunza jambo moja. Dawa ile ilifaa kwa kuwa ilimezwa na wengi kwa pamoja. Kama angemeza mmoja mmoja apendapo, mbu wangeendelea kuusambaza. Na ushirika u vivyo hivyo.

Katika elimu, Januari 2016 ada iliondolewa hadi Kidato cha Nne. Watoto wetu wanasoma kwa wingi kuliko sisi tulivyosoma. Twafurahi, lakini kijana aliyemaliza Kidato cha Nne hatarudi shambani kwa kusifiwa jembe. Atarudi akiona kwa macho yake kuwa shamba lalipa.

Ndugu wanachama, tusidhani kuwa ni sisi tu wenye mambo haya. Huko Uingereza iko kaunti moja ambayo nayo ni kisiwa, jina lake Isle of Wight. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 380 hivi, karibu sawa na kisiwa chetu kikubwa. Sensa yao ya mwaka 2021 ilihesabu watu wapatao 140,400, zaidi ya mara mbili ya sisi. Hakuna daraja la kuwaunganisha na bara, na wenyeji hunung'unikia nauli za vivuko kama tunavyonung'unika sisi. Lakini tazameni tofauti. Katika miaka kumi iliyotangulia sensa hiyo waliongezeka watu elfu mbili na kidogo tu. Karibu watu 3 katika kila 10 wa kisiwa hicho wametimiza miaka 65 au zaidi, kwani wastaafu huhamia huko na vijana huondoka kutafuta vyuo na kazi. Kwetu Tanzania, kwa nchi nzima, zaidi ya watu 4 katika kila 10 ni watoto walio chini ya miaka 15. Wao watafuta watu wa kuwatunza wazee. Sisi twatafuta kazi za kuwapa vijana. Wao wana fedha nyingi kuliko sisi, ila sisi tuna mikono mingi. Na jambo moja la kuiga ni hili: wakulima wao huuza vitunguu saumu na nyanya kwa jina la kisiwa chao, na mnunuzi hulijua jina hilo. Nazi ya Mafia hufika Dar es Salaam ikachanganywa na nazi nyingine, haina jina wala mwenyewe.

Nchi hiyo hiyo ndiyo ilikoanzia njia tunayoifuata. Mwaka 1844, mjini Rochdale katika kaunti ya Lancashire, watu 28, wakiwamo mafundi wa kufuma nguo, walichanga na kufungua duka dogo la unga, siagi, sukari na mishumaa. Hawakuwa matajiri. Sifa yao ilikuwa mizani ya haki, na ziada iliyogawanywa kwa kadiri mtu alivyonunua. Hapa nchini sheria ya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaunda chama kikuu chao. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa na Serikali, na mwaka 1982 sheria mpya ikavirudisha. Chama kinachoonekana na wanachama kuwa mali ya ofisi, hakuna atakayekililia siku kikifungwa.

Sasa tufike kwenye shauri la leo. Adui mkubwa wa Chama hiki hana silaha. Huja mwezi wa dhiki, mtoto anapoumwa au Ramadhani inapokaribia, akanunua nazi zikiwa bado juu ya mti na korosho zikiwa maua. Tufanye hesabu kwa mfano tu. Mkulima ana nazi 1,000 zitakazovunwa baada ya miezi mitatu. Mlanguzi ampa shilingi 200 kwa kila nazi, jumla shilingi 200,000. Siku ya mavuno bei ni shilingi 350, na nazi zile zina thamani ya shilingi 350,000. Mkulima amekopa laki mbili na kulipa laki tatu na nusu katika miezi mitatu. Kama benki ingetutoza hivyo tungeandamana. Lakini kwa kuwa imevaa nguo ya bei, twaipokea kwa shukrani. Na kila gunia linaloondoka kwa kangomba lapunguza nguvu ya Chama sokoni, kisha twalaumu kuwa Chama hakina nguvu.

Kumlaumu mkulima peke yake si haki. Mwenye mgonjwa hawezi kungoja mavuno. Kama Chama hakina cha kumpa siku hiyo, maneno yetu mazuri hayatamnunulia dawa.

Kwa hiyo Bodi yaleta mbele yenu azimio moja lenye sehemu tatu. Kwanza, ziada ya mwaka huu isigawanywe yote kuwa malipo ya pili, bali nusu yake iwekwe katika mfuko wa dharura, utakaomkopesha mwanachama fedha kwa dhamana ya mavuno yake, nazi na korosho zibaki mali yake hadi siku ya mizani. Pili, kila atakayekopa apande minazi mipya kumi katika mwaka huo, na kamati ya chama cha msingi ikaikague shambani. Tatu, Chama kianze kukusanya makumbi na mbata kutoka kwa kina mama wanaosokota kamba na kukamua mafuta, ili thamani ya nazi isiishie kwenye tui.

Twajua wako waliotazamia kupokea ziada yote katika sherehe hii, na wana haki ya kuitaka; ni jasho lao. Wasimame waseme, na kura ziamue. Sisi twaomba neno moja tu lipimwe: fedha ya malipo ya pili, ikigawanywa kwa wote, itadumu juma moja au mawili katika kila nyumba. Ikikaa pamoja, mwakani itamzuia mlanguzi mlangoni mwa kila nyumba. Wazee wetu wa baharini walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Ni kweli likiwa peke yake. Lakini sisi si dau moja.

Watoto waliohesabiwa mwaka 2022 watakuwa watu wazima wakati minazi tutakayoipanda mwaka huu imekwisha kuanza kuzaa. Watakuta ama shamba lenye miche iliyosimama, ama visiki na madaftari ya madeni. Shauri hilo limo mikononi mwenu leo mchana, Bwana Mwenyekiti na ndugu wanachama.

Ushirika udumu.